Naitwa Jamila, ni Mkipsigis wa Boito, na nilifunga Ramadhani kwa sababu ya aibu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni yule mtu wa kusoma nyuzi za wengine mpaka mwisho halafu anatoka kimya kimya bila hata ku-like. Leo nimejikaza. Hii ndiyo thread yangu ya kwanza, na yote yaliyomo yamenitokea mimi mwenyewe. Mahali nilipoonekana mjinga nimeacha vile ilikuwa, sijapaka poda.

Kiswahili changu mkivumilie. Nyumbani ni Kipsigis, shule ni English, Kiswahili huwa ni cha insha na cha kuomba ruhusa ya kwenda sanatorium. Mengine huwa naandika kwa diary, ambako hakuna mtu wa kunicheka.

Niko form four, boarding, upande wa Kericho. Nyumbani ni Boito, Bomet, huko ambako majani chai imepandwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Sisi ni watu wa kanisa. Baba anaimba bass, Mama yuko kwa kikundi cha akina mama, na Kogo, yaani nyanya yangu, ana kiti chake pale mbele ambacho hata mgeni akikalia anaambiwa pole pole asogee.

Jina langu la Kipsigis ni Chepkoech, kwa sababu nilizaliwa alfajiri.

Jina la kwanza ni Jamila.

Ndio. Najua unafikiria nini. Kila mtu hufikiria hivyo hivyo.

Kwanza niwaeleze shida ya hili jina kwa mtu mwenye aibu.

Darasani kwetu kuna Mercy Chelangat, Mercy Chebet, Mercy Cherono, na Mercy wengine waliotransfer form two. Mwalimu akisema, "Mercy, tupe jibu," Mercy wote wanaangaliana. Kila mmoja anangoja mwenzake. Mwisho mwalimu anachoka, anaandika jibu mwenyewe ubaoni, maisha yanaendelea.

Jamila ni mmoja tu. Mwalimu akikosa mtu wa kuuliza, kidole chake kinatembea kwa register, kinapita Faith wote, kinasimama kwangu. "Jamila! Hebu simama."

Nasimama. Jibu linakaa.

Sasa mtu akisikia Jamila kabla hajaniona, ameshajichorea picha. Form three tulienda funkie, yaani sherehe ya shule kukutana, kwa shule moja ya boys. Habari ikazunguka kwamba kwa basi letu kuna Jamila. Vijana wakaja mpaka kwa dirisha, wengine wamejipaka mafuta ya nywele.

"Jamila ni nani hapa?"

Mercy Chelangat akaninyoshea kidole.

Yule kijana akaniangalia. Akaangalia nyuma yangu, labda kuna mwingine. Akaniangalia tena, sweater imevutika mikono, vidole vyeusi vya kuchuma majani wakati wa likizo. Akasema, "Ah, sawa," wakaondoka pole pole kama watu wametoka kwa mazishi.

Nilienda kutafuta maana kwa simu ya Mama. Jamila ni jina la Kiarabu, la kiume ni Jamil. Maana yake ni mrembo, mwenye uzuri, na wengine wanaongeza kwamba ni uzuri wa tabia pia. Mwalimu wa Kiswahili alituambia hata neno jamala, yaani wema na adabu, lilitoka huko huko. Jina ni la zamani sana, na limetembea: Pwani liko, Zanzibar liko, Isiolo na Garissa limejaa, ukivuka bahari utalikuta Pakistan, ukienda upande ule mwingine utalikuta Nigeria.

Nikaona pia kwamba ngamia kwa Kiarabu anatoka kwa mzizi wenye herufi tatu zile zile. Hiyo sikuambia mtu.

Boito nzima, Jamila tulikuwa wawili. Mimi na ng'ombe wa jirani.

Ni Friesian. Jirani alisema alilipenda jina tangu nikiwa mtoto, alipopata ndama akaona asilipoteze. Kwa hivyo asubuhi watu wakipeleka maziwa unasikia, "Huyu Jamila leo amepiga ndoo teke!" na wote wanageuka kuniangalia mimi.

Kwa ufupi, nilikuwa nataka kitu kimoja tu maishani: niitwe Mercy nipotee.

Sasa twende kwa Ramadhani.

Shule yetu ni ya Wakristo wengi, lakini kuna wasichana wachache Waislamu, wengi wao wa Kericho town. Matron wetu, ambaye pia anasimamia dining, huwa anawapangia chakula chao mwezi huo. Yule matron alikuwa mpya. Hajui nani ni nani. Alikuwa anajua majina tu.

Siku ya kwanza ya kufunga ilikuwa siku ya nyama. Mnaojua boarding mnajua maana ya siku ya nyama. Nimesimama kwa line, sahani imeshawekwa wali, mwiko wa nyama uko hewani unakuja. Matron akatokea kando.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Jamila, madam."

"Uuu! Na si mmeanza leo? Ama umesahau?"

Akachukua sahani mkononi mwangu. Polepole, kwa upendo, kama mtu anamwondolea mtoto kisu.

Wakuu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja tu: madam, mimi ni Mkristo. Lakini line yote ilikuwa inanitazama, na mimi watu wakinitazama huwa sauti inaingia ndani kama kobe.

Nikasema, "Nilikuwa nimesahau, madam."

Ndivyo nilivyoanza kufunga.

Mchana nililia kidogo nyuma ya laboratory. Nilijiambia jioni nitamtafuta matron nimweleze ukweli.

Jioni ikafika. Nikaitwa kwa meza ya pembeni na wale wasichana wengine. Kulikuwa na tende. Kulikuwa na uji wa ndimu na pilipili manga. Halafu likaletwa sinia limefunikwa na kitambaa. Matron akatoa kitambaa.

Chapati.

Sitaki kuwadanganya. Nikaona ukweli unaweza kungoja mpaka kesho.

Nilichukua tende nikatia mdomoni. Msichana aliyekaa kando yangu, anaitwa Nasra, akanishika mkono. "Wewe! Bado haijaadhiniwa." Akaniangalia vizuri usoni. Akainama karibu na sikio. "Wewe si Muislamu."

Nikatikisa kichwa.

"Na umeshinda njaa siku nzima?"

Nikatikisa kichwa tena, upande ule mwingine.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Nasra alicheka mpaka akaangusha kijiko. Alicheka chini ya meza, alicheka juu ya meza. Halafu akanisogezea bakuli la uji, akasema, "Basi shinda nasi, dada. Lakini tende ngoja usikie."

Huyo Nasra ndiye alinifanya nilione jina langu kwa macho mengine. Siku moja nilimwambia kwamba linanisumbua, kwamba watu wanakuja kuniangalia kama tangazo la sabuni. Akashangaa.

"Kwani wewe unafikiri Jamila ni mtu wa aina gani? Kwetu Jamila ni shangazi yangu. Mnene, ana duka la viatu, akigombana na mtu mnasikia mpaka stage ya Kisumu. Binamu yangu Jamila alifeli Maths. Kuna Jamila mwingine alikimbia na pesa za chama."

"Na hakuna mtu anawacheka?"

"Kuhusu nini? Ukienda Mombasa ukaita Jamila sokoni, nusu ya soko inageuka. Hakuna anayeangalia sura."

Sijui niseme vipi. Niliposikia kuna Jamila wa duka la viatu na Jamila wa kufeli Maths, nilihisi kama mtu alikuwa amebeba ndoo kichwani peke yake, halafu anaona barabara nzima imejaa watu na ndoo.

Akaniambia pia hadithi ya dini yao: kulikuwa na mwanamke ambaye jina lake lilimaanisha muasi, na Mtume akambadilishia akamwita Jamila. "Kwa hivyo hilo ni jina la mtu kupewa," akasema, "siyo la kutupa." Nilimwambia sawa, lakini kimoyomoyo bado nilitaka Mercy.

Wakati huo chapati zilikuwa zimeanza kuleta shida. Mercy Chelangat alikuwa anatuangalia kutoka meza ya mbali, na jicho lake lilikuwa limekonda. Siku iliyofuata akaja kwa matron akiwa na Mercy wawili nyuma yake.

"Madam, hata mimi nafaa kukaa kwa ile meza. Kwa Kiarabu naitwa Rehema."

Matron akamwangalia. "Rehema?"

"Ndio, madam. Mercy ni Rehema. Hata hawa ni Rehema."

Nyuma yao alikuwa amepanga line Faith mmoja ambaye alikuwa tayari kuwa Imani.

"Rehema wa Kipkelion, baba yake pastor?" Matron alikuwa amempigia huyo baba simu wiki hiyo kuhusu viatu. "Rudi kwa githeri yako kabla sijakurehemu."

Nilipaswa kushukuru Mungu. Badala yake nilipata kiburi kidogo. Mimi Jamila, nimeketi pale halali, chapati mkononi, sijaulizwa swali. Mara ya kwanza jina langu kunisaidia.

Mpaka visiting day.

Baba alikuja na Mama na mama mmoja jirani yetu, ambaye pia ana mtoto hapo. Wakatandaza leso kwa nyasi. Mama akafungua hotpot, kuku wa kienyeji. Akatoa mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwa kibuyu. Harufu ikanishika kwa shingo.

Lakini matron alikuwa anazunguka uwanjani akisalimia wazazi.

"Kula, Chepkoech," Baba akasema.

"Nitakula baadaye."

"Baadaye gani? Umekonda hivyo. Kula paja."

"Nimeshiba, Baba."

Mama akaniwekea mkono kwa paji la uso. Mtoto wa boarding akikataa kuku, huo ni ugonjwa.

Na matron akafika. Ametabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Baba Jamila! Mama Jamila! Karibuni. Ninyi mmelea mtoto. Huyu amefunga tangu mwezi uandame, hajalegea hata siku moja. Ramadhani njema!"

Baba alikuwa ameshika shingo ya kuku. Ilibaki pale katikati ya leso na mdomo.

Sasa lazima muelewe kitu. Wakati huo Baba alikuwa amependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ameingoja hiyo nafasi miaka mingi. Na yule jirani yetu aliyeketi naye kwa leso ni dada ya mke wa mwanaume mwingine aliyependekezwa.

Baba akaniuliza pole pole, kwa Kipsigis, kama nimesilimu. Nikasema hapana. Akauliza basi ni nini. Nikasema niliona aibu. Akauliza aibu ya nini. Nikashindwa, kwa sababu hapo tena nilikuwa naona aibu.

"Mwambie huyu matron ukweli sasa hivi."

Nikamwambia matron. Nilisema nikiangalia viatu vyake. Matron akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sasa nani amekuwa akila chapati zangu?"

"Ni mimi, madam."

Nilipewa kuosha sufuria za dining mpaka midterm. Nasra alikuja kunisaidia, akicheka njia yote.

Huko nyumbani, yule jirani alifika kabla ya vumbi la gari kutulia. Kama mnajua tea buying centre, watu wameketi na magunia ya majani wakingoja lorry ije kupima, na lorry inachelewa, hakuna kitu cha kufanya isipokuwa kuongea. Kufikia jioni nilikuwa nimevaa buibui. Siku iliyofuata nilikuwa nimechumbiwa Garissa.

Nilipofika midterm, Baba alikuwa ameshaamua.

Alituketisha jikoni wote, Mama, Kogo na mimi. Akasema usajili wa mtihani wa form four unafungwa karibuni, na jina litakaloingia hapo ndilo litaingia kwa ID na kila kitu mpaka kaburini. Kwa hivyo lile jina la kwanza liondoke kabla halijaingia. Shida yote imetoka kwa hilo jina.

"Ataitwa Mercy," akasema.

Wakuu! Mercy! Sikuwa nimemwambia hata siku moja. Moyo wangu uliruka kama ndama. Niliangalia chini nisionekane nimefurahi.

"Hapana," Kogo akasema.

Kogo anatamka jina langu Chamila. Alikuwa anakoroga moto na kijiti, hata hakuinua macho. "Hiyo jina si yako ya kutoa. Chamila ilikuja yenyewe."

Hapo ndipo nilipata kujua, na niko form four, vile nilivyopewa jina.

Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wanamzunguka wanaita majina ya wazee wa familia waliokufa. Moja moja. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye amerudi, ndiye atamchunga mtoto. Akichelewa sana, wengine wanamnusisha ugoro kidogo kumsaidia kukumbuka.

Mimi nilikataa. Waliita nyanya wote wa upande wa Baba, nimelala. Wakaita wa upande wa Mama, nimelala. Wakarudia. Wakaita hata mmoja ambaye familia haimpendi. Kimya.

Wakati huo akafika mlangoni mama mmoja Mnubi, Muislamu, aliyekuwa akizunguka vijijini kuuza vitenge, mtu wa siku nyingi, wanamjua mpaka Sosiot. Mama mmoja akamwona, akaita kwa nguvu, "Jamila, karibu!"

Nikapiga chafya. Kubwa.

Akina mama wakapiga vigelegele. Halafu vigelegele vikakauka, kwa sababu jina linafaa kuwa la marehemu, na marehemu alikuwa amesimama mlangoni na mzigo kichwani.

"Mnashangilia nini?" akauliza. Wakamweleza.

"Ngojeni kwanza!" akasema. "Mimi bado niko hai!"

Akaanza kurudi nyuma. Kogo akamkimbilia mpaka kwa gate, akamshika kitenge, akamuuliza kama kuna Jamila mwingine kwao ambaye ametangulia. Yule mama akafikiria, akasema ndio, hata yeye ameitwa nyanya yake, aliyekuwa akiwapikia chai watu wa reli huko Kipkelion, na ndiko alizikwa. Kogo akashusha pumzi. Yule mama pia akashusha pumzi. Akarudi ndani, akanifunika na leso mpya, akakataa kulipwa.

Kwa hivyo, wakuu, mimi kwa hesabu ya Kogo ni nyanya Mnubi wa reli.

(Mimi binafsi nafikiri nilipiga chafya kwa sababu ya zile tembe nyeupe za kufukuza nondo ambazo watu huweka kwa nguo. Lakini mwambie Kogo wewe.)

"Hayo ni mambo ya zamani," Baba akasema.

"Sawa," Kogo akasema. "Basi tuulize tena kwa njia ya zamani. Ukiita Mercy apige chafya, nitamwita Mercy mpaka nife."

"Na Mercy gani amekufa kwetu?" Mama akauliza akiosha vikombe.

Baba akakuna kichwa. "Kulikuwa na Mercy wa kuuza mandazi hapo Sosiot. Alishaenda."

"Huyo ni wa ukoo?" Kogo akaruka.

"Na yule wa reli alikuwa wa ukoo?"

Kogo akarudi kukoroga moto wake. Hiyo moja alipigwa.

Kwa hivyo nikaketishwa kwa kigoda, msichana mzima na magoti yangu, anayesoma Chemistry. Kogo akatoa kimkebe chake cha ugoro, akamimina kidogo kwa kiganja, akaniletea puani. Baba akasimama mbele yangu, akainama.

"Mercy," akasema.

Ugoro wa Kogo si wa mchezo. Uliingia kama pilipili yenye miguu. Macho yakajaa machozi. Nikaihisi chafya ikianza huko nyuma ya kichwa, ikijipanga.

"Mercy!"

Ilikuwa rahisi sana. Niachilie tu. Nirudi shule niwe Mercy Chepkoech, nikae katikati ya Mercy wote, mwalimu aite na sisi tuangaliane. Hakuna mtu angesimamisha kidole kwangu tena.

Na hapo ndipo nikaona. Hakuna mtu angesimamisha kidole kwangu tena. Nasra angeniita nani? Na yule mama aliyenifunika leso, siku akipita Boito akiuliza mtoto wake yuko wapi, wangemwonyesha ng'ombe.

Nikashika pua.

"Toa mkono, Chepkoech. Mercy! Mercy! Mercy!" Baba alikuwa ameingia sasa, anaita kama mtu anaita kuku jioni, uso wake karibu na kiganja cha Kogo.

Nikauma ulimi. Nikajifinya paja. Nikakumbuka periodic table mpaka Calcium.

"MER...," Baba akaanza.

Akasimama. Uso ukajikunja. Na akapiga chafya. Wakuu, chafya ya bass. Majivu yaliruka jikoni, paka akatoka mbio, ugoro wote ukapeperuka.

Kogo akafunga kimkebe, akakirudisha kwa nguo.

"Basi," akasema. "Mercy amepata mwenyewe."

Mama aliketi chini kabisa, kwa sakafu, akacheka bila sauti. Na mimi sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anaomba chumvi: "Baba, mimi nabaki Jamila."

Baba alipangusa pua. Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Laiti ingeishia hapo. Lakini Kogo hana siri, na kesho yake Baba alipeleka majani.

"Mercy amefika!" mtu akaita kabla hajatua gunia. "Mpisheni Mercy apime!"

"Mercy, umeamkaje mami?"

"Mercy wa Boito! Na ndevu zote hizo?"

Nilikuwa nyuma yake nimebeba gunia dogo, nilimwona akizidi kuinamisha kichwa. Tukirudi, katikati ya shamba, akasimama akaniuliza bila kuniangalia: "Shuleni hivi ndivyo hukufanyia?"

"Kila siku, Baba."

"Kila siku," akarudia. Tukaendelea kutembea.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuleta mbele waliopendekezwa kuwa wazee wa kanisa. Baba akasimama kule mbele na wenzake, suti ya kahawia, mikono nyuma. Mchungaji akauliza kama kuna mtu ana swali. Yule jirani yetu akainuka, akarekebisha kitambaa.

"Mimi sina ubaya. Nataka tu tujue kama boma yake bado ni ya Kristo. Tumesikia mambo ya Ramadhani. Na hata lile jina la msichana."

Watu wote wakamtazama Baba. Hata watoto. Mimi niliteleza kwa benchi nikabaki macho tu.

Baba angeweza kusema jina linabadilishwa. Ilikuwa sentensi moja, na cheo ni chake.

"Msichana wangu alifunga kwa sababu alinyang'anywa sahani akaona aibu kusema," akasema. "Hiyo ndiyo dini aliingia. Dini ya aibu. Ameshatoka."

Watu wakacheka, hata mchungaji.

"Na jina ni Jamila." Nafikiri sijawahi kumsikia akilitamka tangu nizaliwe, alikuwa akilizunguka kama tope. "Sikulichagua. Lilikuja na mgeni, na sisi hatufukuzi mgeni. Maana yake ni mrembo. Kama kuna mtu ana shaka, aangalie mwenyewe. Jamila, simama wakuone."

Wakuu. Baba yangu alikuwa ananitetea, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na njia aliyochagua ni ile ambayo nimekimbia maisha yangu yote.

Nilisimama.

Kanisa lote likageuka, pamoja na kwaya, kukagua kama Baba amesema uongo madhabahuni. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sikukaa, kwa sababu nilimwona Baba kule mbele, na yeye pia alikuwa bado amesimama.

Ilichukua muda mrefu. Mwisho mzee mmoja pale nyuma, ambaye haonagi vizuri, akasema kwa sauti:

"Ako tu sawa."

"Amina," kanisa likajibu.

Nafasi ya mzee wa kanisa alipewa yule mwingine. Baba aliambiwa angoje kwanza watu watulie. Hajalalamika. Buying centre bado wanamwita Mercy, na siku hizi anaitika.

Mimi nilirudi shule nikasajiliwa Jamila Chepkoech. Nasra alipoona alisema sasa niko kwa ule ukoo wa viatu na Maths, nichague upande.

Nimejifunza nini? Kwanza, mtu akikuchukulia sahani kwa makosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama wali unatazama. Kesho kutakuwa na chapati na hutaweza tena. Pili, jina usilolipenda lichunguze kabla hujalitoa: limetoka kwa nani, limepita wapi, nani alikufunika nalo. Mimi bado ni mtu wa aibu, hata hii nimeandika nikiwa nimejifunika blanketi. Lakini nikiitwa siku hizi naitika mara ya kwanza.

Haya, ukumbi ni wenu. Niambieni nyinyi majina yenu yaliwapata vipi, hasa wale mlio na jina ambalo kwenu hakuna mwingine. Jamila wenzangu mlioko humu, jitokezeni mnisalimie.

Na nyinyi ambao tayari mnaandika "weka picha tuhakikishe," kanisa lilishapitisha. Niko tu sawa.